Barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya, elimu ya awali na mawasiliano: "Punguza skrini" si maelekezo

Waheshimiwa,

Bango lenye picha ya simu iliyopigwa mstari mwekundu, na chini yake maneno "Punguza muda wa skrini", halimsaidii mzazi aliye kwenye foleni na mtoto wa miezi 18 anayelia. Mzazi huyo analisoma, analikubali, kisha anamkabidhi mtoto simu ili anyamaze mpaka jina lake liitwe. Tusimwite mnafiki. Bango limemwambia aache. La kufanya badala yake halikumwambia, na mtoto aliyechoka hampi mtu nafasi ya kutafakari.

Sisi tunaowaandikia ni wauguzi wa kliniki za watoto, walimu wa awali na wataalamu wa lugha na matamshi. Hoja yetu ni kwamba suala la skrini kwa watoto wadogo mmelitua lote mabegani mwa mzazi, tena kwa lugha ya saa na dakika, huku kazi yenyewe hajafundishwa na vifaa anavyopambana navyo vinamfikia vikiwa tayari vimetegwa dhidi yake. Tunaomba mzigo ugawanywe upya. Mzazi aonyeshwe mambo machache kwa vitendo, na yale yaliyo nje ya uwezo wake myabebe ninyi.

Tuanze na hizo saa, maana zinanukuliwa sana na kueleweka nusu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Mwenye mwaka 1, bado haipendekezwi. Wa miaka 2, 3 na 4, isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni afadhali zaidi. Hapo ndipo mabango huishia. Lakini mwongozo ule ule unataka mtoto wa mwaka 1 au 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na wa miaka 3 au 4 alale saa 10 hadi 13. Unataka wote hao wakimbie, wapande, wavute na kubeba vitu kwa jumla ya dakika 180 kwa siku, zikitawanywa asubuhi hadi jioni. Unataka wasibanwe kwenye kigari, kiti au mgongoni zaidi ya saa 1 mfululizo.

Fanyeni hesabu ya siku moja. Mtoto wa miaka 3 akilala saa 12, anabakiwa na saa 12. Toa saa 3 za kuchezesha mwili, toa muda wa kula, kuoga, kuvaa na safari za hapa na pale. Kinachosalia ni saa chache, na ndani yake ndimo anamojifunza kuongea, kungoja zamu yake, kuchoshwa na kujitafutia la kufanya. Saa 3 za katuni zinakatwa hapo hapo, au kwenye usingizi. Mzazi akilielewa hilo hahitaji kutishwa kwamba skrini inaharibu ubongo. Atauliza mwenyewe leo katuni zimekula nini.

Sababu ya masharti kuwa makali chini ya miaka 2 nayo haielezwi vya kutosha. Wazazi wengi wanaamini video ya kufundisha rangi na namba ni somo. Kwa mtoto mchanga si somo. Mwaka 2003 nchini Marekani, watoto wa miezi 9 kutoka familia zinazozungumza Kiingereza walikutanishwa na mtu aliyewasomea na kucheza nao kwa Kichina cha Mandarin, vikao 12. Baada ya hapo waliweza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Kundi jingine liliona watu wale wale wakifanya yale yale kwenye skrini, na halikuambulia kitu. Mwaka 2010 watafiti waliwapa watoto wa miezi 12 hadi 18 diski maarufu ya kufundisha maneno, waiangalie nyumbani kwa wiki 4. Hawakujifunza maneno mengi kuliko wenzao ambao hawakuiona kabisa. Walioongoza ni watoto ambao wazazi wao walipewa orodha ya maneno hayo, bila diski, wakaambiwa wayatumie kwa namna yoyote ile katika shughuli za kila siku. La kuchekesha, na la kusikitisha pia, ni kwamba wazazi walioipenda diski ndio waliodhani watoto wao wamejifunza mengi.

Isipokuwa simu ya video. Shangazi aliye mbali anayemwita mtoto kwa jina, akamwuliza swali, akangoja ajibu, huyo si katuni. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kilipopitia upya mwongozo wake mwaka 2016, kiliruhusu mazungumzo ya aina hiyo hata chini ya miezi 18. Tofauti ni kwamba mtu wa upande wa pili anamjibu mtoto, na kinachofundisha lugha ni huko kujibizana. Vilevile mtoto mwenye ulemavu anayetumia kishikwambi kuongea kwa kugusa picha: hicho ni kinywa chake, na dakika zake zisihesabiwe na za katuni. Tumeona miongozo ya vituo ikilisahau hili, na mtoto akanyang'anywa sauti yake kwa jina la afya.

Sasa kazi ya mzazi. Tungeambiwa tumfundishe jambo moja tu, tungemwambia azime runinga isiyotazamwa na mtu. Inawashwa asubuhi, inazungumza peke yake mpaka usiku, na hakuna anayeihesabu kwa kuwa mtoto "haangalii". Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwavisha watoto 329 wa miezi 2 hadi 48 vinasa sauti vidogo kwenye nguo. Kila saa ambayo runinga ilisikika ilienda sambamba na maneno pungufu yapata 770 kutoka kwa watu wazima. Mtu mzima haoni kwamba amenyamaza, anadhani anasikiliza taarifa tu. Mtoto naye anaacha mchezo kila sauti inapobadilika, anageuka, anaangalia sekunde mbili, anarudi na kukuta ameshasahau alikuwa anajenga nini. Kuizima runinga hiyo hakumnyimi mtoto chochote anachokipenda, kwa hiyo hakuleti kilio. Nyumba ikionekana kimya mno, redio ya muziki kwa sauti ya chini, kwa kipindi maalumu, inatosha.

La pili ni simu ya mzazi mwenyewe. Tangu miaka ya 1970, mwanasaikolojia Edward Tronick alionyesha kwamba mama akiukausha uso mbele ya mtoto wa miezi michache kwa dakika mbili tu, mtoto hutabasamu, hunyoosha mikono, hutoa sauti, kisha huchanganyikiwa na kugeuza uso. Uso unaosoma ujumbe unakaribia sana uso ule uliokaushwa. Hatuwezi kumwambia mtu asiguse simu siku nzima. Wengine kazi yao imo humo. Tunamwambia achague nyakati tatu: kunyonyesha au kulisha, kuoga, na dakika 15 za kwanza baada ya kurudi nyumbani. Katika nyakati hizo simu ikae juu ya kabati, mlio wa kupigiwa ukiwa wazi na arifa nyingine zimezimwa. Ikikaa mfukoni itatolewa.

Halafu kuna nyakati ambazo simu huhamia mkononi mwa mtoto. Tukiwauliza wazazi wanatutajia zile zile: wakati wa kupika, wakati wa kula, anapolia, na anapolazwa. Kila moja ina dawa yake, na kuzichanganya ndiko kunakofanya ushauri ushindwe.

Kupika ni dakika 30 au 40 za mtu mzima mmoja, moto, na mtoto anayening'inia mguuni. Tengeneza boksi la jikoni lenye vitu sita hadi nane ambavyo si vya kuchezea: sufuria ndogo na kifuniko chake, mwiko, vikombe vinavyoingiana, kitambaa, chupa tupu ya plastiki yenye mfuniko mkubwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kitu chochote kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni ni kidogo mno, atapaliwa nacho, kiondoe. Boksi likae sakafuni, mbali na moto na mbali na waya wa jagi la umeme, lakini mahali anapouona uso wako. Siri iko kwenye mwanzo. Kaa naye dakika 3 hadi 5 kabla hujawasha jiko, mfunike na kufunua sufuria pamoja mara kadhaa, kisha nyanyuka ukiendelea kuongea: "Sasa mama anakata, kata, kata." Boksi hushindwa kwa sababu tatu. Limetolewa wakati mtoto ameshaanza kulia. Lina vitu thelathini badala ya vinane. Au liko wazi siku nzima, hivyo jioni si jipya. Lifungwe likimaliza kazi, na kila wiki badilisha vitu viwili.

Na iwapo mtoto ameshafika miaka 2, mko wawili tu, na mafuta yako motoni, dakika 20 za kipindi kizuri zitumike hapa. Tunasema hivyo waziwazi. Kuungua ni janga kubwa kuliko katuni, na mzazi anayeruhusiwa dakika 20 zinazojulikana huwa na nguvu ya kukataa nyingine.

Kula ni pagumu zaidi. Mwangalieni mtoto anayelishwa akitazama video. Macho hayabanduki kwenye skrini, mdomo unafunguka kijiko kinapogusa mdomo wa chini, unafungwa, chakula kinakaa shavuni. Hatafuni mpaka aguswe. Haoni rangi ya chakula, hashiki, hasukumi kijiko kukataa. Sahani inakwisha na mlezi anafurahi, lakini mtoto hajajua kama ameshiba. Amejifunza kufungua mdomo picha zinapocheza. Baada ya wiki chache, simu isipokuwepo, mdomo haufunguki, na mlezi anahitimisha kwamba mtoto "hana hamu ya kula".

Kumtoa huko kunachukua takriban wiki mbili. Anza na mlo mmoja tu, ule anaoujia na njaa kali, na milo mingine iache kwanza. Mkalishe uso wake ulingane na wako, na wewe ule kitu hicho hicho. Weka kiasi kidogo, vijiko vitatu au vinne, kiongezwe akimaliza. Mpe kijiko chake ashike hata kama atamwaga. Mlo uishe ndani ya dakika 20 hadi 30, sahani iondolewe bila maneno, na asipewe kitu kingine mpaka wakati wa mlo unaofuata, isipokuwa maji, na maziwa ya mama kwa anayenyonya. Siku tatu za mwanzo atakula kidogo. Siku ya tatu ndipo wengi hurudi nyuma, kwa kawaida kwa mkono wa mtu mwingine mwenye huruma ndani ya nyumba. Kwa hiyo watu wote wanaomlisha wakubaliane kabla ya siku ya kwanza. Mlo huo ukienda vizuri kwa siku tano, hamia wa pili. Mtoto mwenye afya hadhuriki kwa kula kidogo siku mbili tatu. Aliyepungua uzito, anayeumwa, au mwenye shida ya kumeza, asianzishiwe hili nyumbani. Mlezi aje kwanza kliniki.

Kilio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia watoto wa miaka 3 hadi 5 na kuonyesha kwamba walipotulizwa mara kwa mara kwa simu, baada ya miezi kadhaa hasira zao zilizidi kuwa za haraka na kali, hasa kwa wavulana na kwa watoto ambao tangu awali walikuwa wepesi kuchemka. Inaeleweka: simu inakizima kilio bila mtoto kujua kimezimikaje. Mzazi ainame, aiseme hisia kwa maneno machache, "Umekasirika, ulitaka kile", asogeze vitu vya hatari, akae karibu na angoje. Kelele hupanda, hufika kileleni, hushuka yenyewe. Kosa ni kuzungumza sana wakati kelele inapanda. Kosa jingine ni kusema "simu hapana" mara nne na kuitoa mara ya tano. Hapo mtoto amefundishwa kwamba bei ya simu ni kulia mara tano.

Kulala tutaligusa kwa ufupi. Skrini zizimwe saa 1 kabla, taa zipunguzwe, mpangilio uwe ule ule kila usiku. Mwaka 2018 watoto kumi wa miaka 3 hadi 5 waliwekwa kwenye mwanga mkali saa 1 kabla ya kulala. Homoni ya usingizi iitwayo melatonini ilishuka kwa karibu asilimia 90, na dakika 50 baada ya mwanga kuondolewa wengi wao ilikuwa bado chini. Walikuwa wachache na mwanga ulizidi wa simu, lakini mwelekeo uko wazi. Simu ya mzazi ichajiwe nje ya chumba anacholala mtoto. Anayeitumia kama kengele ya asubuhi atafute saa ya mezani.

Kuna na suala la kuzima, ambalo ndilo vita vyenyewe kwa watoto wa miaka 2 hadi 5. Ushauri uliozoeleka ni kumwonya mtoto: "Bado dakika mbili." Mwaka 2016 watafiti walizifuatilia familia 28 za Marekani na kukuta onyo hilo lilihusiana na vurugu nyingi zaidi. Mtoto wa miaka 3 hajui dakika mbili ni nini. Anachosikia ni kwamba utamu unakuja kukatwa. Kuzima kulikuwa rahisi pale kipindi kilipofika mwisho wake, au pale kilipokuwa sehemu ya ratiba inayojulikana. Kwa hiyo tunawafundisha wazazi kuhesabu vipindi, si dakika.

Inafanyika hivi. Pakua mapema vipindi viwili vya dakika 10 kila kimoja, vya mwendo wa taratibu, vyenye watu au wahusika wanaoongea na kunyamaza. Katuni za kurukaruka, picha ikibadilika kila sekunde chache, ziache: mwaka 2011 watoto wa miaka 4 walioangalia dakika 9 za katuni ya aina hiyo walifanya vibaya mara baada yake katika majaribio ya kutulia na kufuata maagizo, kuliko waliochora. Weka simu kwenye hali ya ndegeni. Sasa hakuna tangazo, hakuna arifa, na hakuna kinachofuata. Kisha ibandike programu ili mtoto asitoke: kwenye simu nyingi za Android utakuta kipengele cha kubandika programu ndani ya mipangilio ya usalama, na uchague nambari ya siri iulizwe kabla ya kubandua, la sivyo mtoto wa miaka 3 ataitoa ndani ya siku mbili. Kwenye iPhone kipo ndani ya mipangilio ya ufikivu, na huanzishwa kwa kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu.

Kaa naye walau kipindi cha kwanza. Simamisha mara mbili uulize: "Ameenda wapi huyu?" Ngoja hadi sekunde kumi, watu wazima hujijibu baada ya mbili. Kipindi cha pili kikiisha, skrini inabaki tupu kwa sababu zake yenyewe, si kwa sababu yako. Mtoto aizime mwenyewe na kuirudisha mahali pake. Kinachofuata kiwe tayari kimeandaliwa: ndoo ya maji na vikombe, viatu vya kutokea nje vikiwa mlangoni. Mkiongeza kipindi cha tatu siku anayopiga kelele, kesho atapiga kelele mapema zaidi.

Waheshimiwa, hesabuni ni hatua ngapi mzazi amepitia hapo ili tu dakika 20 ziishe salama. Kupakua, kuzima data, kubandika, kuweka nambari ya siri. Yote ni kwa sababu kifaa kimetoka kiwandani na programu imetoka kwa mtengenezaji zikiwa zimepangwa zisiishe. Hapa ndipo zamu yenu inapoanza.

Kwa wadhibiti wa mawasiliano: shughulikieni mpangilio wa mwanzo, ule anaoukuta mtu kabla hajagusa chochote, maana wengi hawaubadilishi kamwe. Inawezekana. Uingereza ilianza kutumia kanuni yake ya usanifu wa huduma za mtandaoni zinazotumiwa na watoto Septemba 2020, ikayapa makampuni miezi 12 kujirekebisha. Agosti 2021 YouTube ikatangaza kwamba kucheza kiotomatiki kutazimwa tangu mwanzo kwa watumiaji wa miaka 13 hadi 17 na kwenye programu yake ya watoto. Lakini mtoto wa miaka 2 hana akaunti. Anatazama kwenye simu ya mama, kwa akaunti ya mama, ambayo mfumo unaijua kuwa ya mtu wa miaka 30. Ulinzi wote huo unampita. Tunaomba ulinzi ufungwe kwenye maudhui: video iliyotengenezwa kwa watoto wadogo isifuatwe na nyingine yenyewe, isikatizwe na matangazo, na iwe na mwisho unaoonekana, bila kujali akaunti ni ya nani. Neno "elimu" kwenye programu ya watoto wa chini ya miaka 2 liondolewe mpaka mtengenezaji aonyeshe ushahidi. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2008 mdhibiti wake wa utangazaji alivizuia vituo vya nchini humo kurusha vipindi vilivyolenga watoto wa chini ya miaka 3.

Msiende njia ya faini kwa wazazi. Taiwan iliweka adhabu ya aina hiyo kwenye sheria mwaka 2015. Kwa maoni yetu mzazi anayeogopa faini hatamwambia muuguzi ukweli, na bila ukweli hatuna cha kumshauri. Cha kuiga kutoka huko huko ni kampeni ya mwaka 2010 iliyozitaka shule zitoe watoto nje dakika 120 kwa siku ili kulinda macho yao. Hiyo ilimpa mtoto kitu badala ya kumnyang'anya.

Kwa wasimamizi wa elimu ya awali: acheni kutuma kazi za nyumbani za watoto wa miaka 3 na 4 kama video kwenye makundi ya simu. Mwalimu huyo huyo anayehubiri saa 1 anaimaliza yeye mwenyewe. Kazi ya umri huo iandikwe kwa sentensi moja ambayo mzazi anaisoma na kuitenda: tafuteni vitu vitano vya duara ndani ya nyumba. Kwenye vituo vya malezi, angalieni saa ya mwisho kabla watoto hawajachukuliwa. Runinga huwashwa hapo kwa sababu walezi wanafagia na kuhesabu mabegi. Tatizo ni idadi ya wafanyakazi jioni, na kanuni isiyogusa ratiba yao itavunjwa kila siku.

Kwa wakuu wa huduma za afya: tupeni dakika tatu kwenye mahudhurio ya mwezi wa 9 na wa 18. Swali "mtoto anaangalia saa ngapi?" halifai, mzazi hukisia, na hukisia chini. Tuulize runinga huwashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi. Simu anapewa wakati gani? Anakula akitazama? Usiku simu inalala wapi? Jibu moja kati ya hayo lichaguliwe, lifanyiwe kazi, liandikwe kwenye kadi, liulizwe tena ziara ijayo. Moja tu. Mzazi anayetoka na maagizo manne harudi na hata moja.

Na pana kosa letu sisi wahudumu ambalo linahitaji agizo kutoka juu. Mtoto akichelewa kuongea siku hizi, skrini ndiyo inayolaumiwa kwanza, na mzazi anaambiwa azime arudi baada ya miezi sita. Miezi hiyo ni mingi mno. Mtoto ambaye hajaanza kubwabwaja au kuonyesha kwa kidole akiwa na miezi 12, hana neno lolote kwa miezi 16, haunganishi maneno mawili kwa miezi 24, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo kwa umri wowote, apimwe masikio na apelekwe kwa mtaalamu wa ukuaji wiki hizo hizo, skrini ikizimwa huku vipimo vikiendelea. Uziwi hautibiwi kwa kuzima runinga, na mama aliyebebeshwa lawama bure haji tena.

Mengi ya haya yanahitaji sheria, bajeti au vikao. Runinga iliyo kwenye chumba cha kusubiria cha kliniki ya watoto haihitaji hayo. Kwa kawaida imetundikwa juu, sauti imefunguliwa, na watoto wa miezi 6 wamelazwa mapajani wakiitazama chini ya lile bango letu. Tunaomba izimwe kuanzia kliniki itakapofunguliwa Jumatatu. Kwenye kona itandikwe jamvi linalofutika, mita mbili kwa mbili, na kapu moja la vikombe, vifuniko na vitabu vya karatasi ngumu, vioshwe kila jioni kwa maji na sabuni. Muuguzi wa zamu akae hapo dakika kumi kila asubuhi akicheza na mtoto yeyote aliyepo, wazazi wakiona.

Wenu,
Wauguzi wa kliniki za watoto, walimu wa awali, na wataalamu wa lugha na matamshi